Shimo la Saileji Hupimwa kwa Mdomo wa Ng'ombe

Kazi yangu ni kukata majani ya watu. Nina mashine ya kukatakata malisho, naifunga kwenye toyo, pikipiki ya matairi matatu, na kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Julai nazunguka nayo huku Mbeya: Uyole, Igawilo na Inyala, napanda Isongole, nashuka Kiwira hadi Tukuyu. Makambako nafika mara mojamoja, kwa mtu aliyekubali kulipia mafuta. Septemba na Oktoba hurudi kwa wateja walewale kuwakatia mabua makavu, na hapo ndipo ninapoona saileji tulizotengeneza zimefunuliwa zikoje. Saileji ni malisho mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa hewa itoke na kufunikwa yachachuke, ili yadumu hadi kiangazi.

Nyingi kati ya zilizoharibika haikuwa kosa la mbegu wala mashine. Ni upana wa shimo. Mtu ana ng'ombe wawili. Kamwona jirani mwenye ng'ombe kumi ana shimo la upana wa mita 2, naye kachimba la mita 2. Kalijaza, kalikanyaga, kalifunika vizuri. Oktoba anafunua, wiki ya kwanza anafurahi, wiki ya tatu uso mzima umeota ukungu mweupe, na ukitia mkono unakuta joto. Anasema saileji haifai huku kwetu.

Kwa hiyo kabla ya mbegu na kabla ya jembe, hesabu midomo. Ng'ombe chotara wa maziwa, wa kilo 350 hadi 450, mpe kilo 20 za saileji kwa siku pamoja na vyakula vingine. Wawili ni kilo 40. Saileji ya mahindi iliyokanyagwa kwa miguu ya watu wasio wavivu huwa karibu kilo 500 kwa mita moja ya ujazo. Shimo la upana wa mita 2 na kina cha mita 1.2 lina uso wa mita za mraba 2.4. Ukitoa kilo 40 kwenye uso huo, umesogea ndani sentimita 3 na kidogo tu. Hewa inaingia haraka kuliko unavyotoa. Chachu na ukungu wanaanza kula ile tindikali iliyokuwa inahifadhi majani, yanapata joto, na kila siku unawapelekea ng'ombe kitu ambacho kimeshaoza jana.

Lenga kusogea sentimita 15 kwa siku, uso mzima. Kipupwe cha Juni na Julai kinasamehe, ukitoa sentimita 10 unaponea. Oktoba haisamehe, jua lake unalijua. Lile shimo la mita 2 kwa 1.2 ni la mwenye ng'ombe wanane au tisa. Mwenye wawili akitaka shimo, achimbe mfereji wa upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 80, ambao kwa kilo 40 unampa kama sentimita 17 kila siku.

Sasa tuone unahitaji kiasi gani kwa jumla. Majani ya kukata yanaanza kukauka Julai. Mvua ya kwanza ya Novemba haijazi hori, majani yenye maana utayapata mwisho wa Desemba. Hizo ni siku 180. Kilo 20 mara siku 180 ni kilo 3,600 kwa ng'ombe mmoja, ongeza za kupotea, sema tani 4. Wawili ni tani 8, yaani mita 16 za ujazo. Ule mfereji mwembamba utafika mita 33 na ushei! Ndiyo maana wenye ng'ombe mmoja hadi watatu nawaambia waachane na kuchimba, watumie mifuko.

Mfuko ninaousema ni nailoni nzito ya geji 1000, ile inayouzwa ikiwa bomba, upana wa mita 1.5 ikiwa imelala bapa. Kata urefu wa mita 2.5, funga upande mmoja, ujaze ukikanyaga, funga upande wa pili. Unabeba kilo 400 hadi 500. Ng'ombe wawili wanaumaliza kwa siku kumi hadi kumi na mbili, unafungua mwingine, na ukiingiwa na panya umeharibika huo mmoja tu. Mifuko 16 hadi 20 inawatosha wawili mpaka mwisho wa Desemba. Huko Tukuyu, ambako mvua hainyamazi hata Mei, mfuko ni bora hata kwa mwenye ng'ombe watano, kwa sababu shimo lisilofunikwa siku hiyohiyo litanyeshewa usiku.

Mbegu sasa. Kwa saileji hakuna linaloshinda mahindi, lina sukari ya kutosha kuchachuka lenyewe bila kuongezwa kitu. Lakini hapa pana ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa haki. Mzee mmoja wa Inyala alinikuta naandaa mashine kwa mwanawe, akasimama mbele ya toyo. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza: "Wewe kijana, mahindi yenye punje unakata kabla hayajakomaa, unaita njaa kwangu?" Mbeya, Iringa, Njombe yote ni nchi ya mahindi, mtu amekuzwa akijua hindi ni ugali, na ugali hauchezewi. Sikubishana naye. Siku ile tuliyamaliza hivi: mahindi mabichi yakavunwa na kuuzwa barabarani kwa wachomaji, na mabua yakiwa bado ya kijani yakaingia kwenye mashine siku ileile. Inafaa kabisa. Nguvu ya chakula inapungua kwa kuwa punje hazimo, itabidi uongeze pumba kwenye hori, lakini bua bichi bado lina utamu wa kuchachusha. Usiliache siku tatu shambani baada ya kuvuna hindi, linakuwa kuni.

Mwenye eneo namshauri atenge kipande cha ng'ombe tangu siku ya kupanda, asije akaomba mahindi ya ng'ombe kwenye shamba la watu. Ekari moja iliyotunzwa hutoa tani 10 hadi 15 za mahindi mabichi na mabua yake, inawatosha wale wawili na kubaki. Panda Novemba mvua ikishika, mstari kwa mstari sentimita 75, shimo kwa shimo 25, punje moja moja. Mbegu za nyanda za juu zenye mwili mkubwa ndizo zinazokupa uzito: UH6303 na UH615 zilizotoka Uyole penyewe zinafanya vizuri. Usipunje mbolea ukidhani ng'ombe hajui tofauti. Samadi, DAP ya kupandia, urea mahindi yakifika magotini. Viwavijeshi vamizi wakiingia, piga dawa mapema, usome kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana hapa jani lenyewe ndilo linaloliwa.

Mabingobingo, yale majani ya tembo, ni ya kukata kila siku, na yakizidi masika ndipo uyafanye saileji. Panda pingili zenye macho matatu, mbili ziingie ardhini kwa mshazari, mita 1 kati ya mistari na nusu mita ndani ya mstari, na samadi kila shina. Kata ya kwanza baada ya miezi mitatu hadi minne, halafu kila wiki sita hadi nane yakifika urefu wa mita moja. Watu wengi wanayaacha yafike mita 2 kwa sababu yanapendeza macho. Ng'ombe hali macho, bua likishakomaa ni nyuzi tupu. Rudisha samadi kila baada ya kukata, la sivyo mwaka wa tatu unavuna vijiti.

Kwa wa Njombe na Makete, ambako sakitu inachoma mabingobingo yakawa meusi kwa usiku mmoja, weka gwatemala, nyasi nyingine ndefu ya malisho, kwenye makinga maji. Lishe yake ni ya chini, sikudanganyi, ila inavumilia baridi na udongo wenye tindikali, na Agosti utaikuta imesimama. Kati ya mistari ya mabingobingo pitisha desmodiamu, malisho ya jamii ya kunde. Mbegu yake ni ndogo kama ya mchicha, changanya na mchanga ili isimwagike ovyo, ifukie kidogo sana, na palizi ya miezi miwili ya kwanza usiikose. Kaliandra, mti wa malisho, panda mpakani. Mbegu na mapando ya malisho ulizia kituo cha utafiti wa mifugo, TALIRI, pale Uyole, usinunue pingili za mtu anayepita na baiskeli kabla hujaona shamba alikozikata. Pingili husafiri na magonjwa.

Kuhusu mgomba, ndugu zangu wa Rungwe msinikasirikie. Shina la mgomba ni maji. Linamsaidia ng'ombe kiu na kumjaza tumbo, maziwa halileti.

Siku ya kukata mahindi ndiyo inayoamua mambo. Vitabu vinasema tazama mstari wa maziwa kwenye punje, yaani mpaka kati ya sehemu iliyokwisha kuwa ngumu na ile yenye maziwa. Mahindi yetu ni meupe, mstari huo hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia ukucha. Vunja hindi katikati, chukua punje, bonyeza kutoka kichwani kushuka kwenye kitovu. Juu pagumu, ukucha hauingii. Ukifika nusu ya punje ukucha ukazama, siku imefika. Majani mawili matatu ya chini yatakuwa yamekauka, ya juu bado kijani, maganda ya hindi yanaanza kupauka. Kwa Uyole ukipanda Novemba hiyo ni Aprili, kwa Njombe inasogea hadi Mei. Ukiona punje bado inaruka maziwa, niambie nisije.

Hakikisha kwa kiganja. Kata bua zima vipande vidogo, kamata konzi, bana kwa nguvu huku ukihesabu hadi thelathini, achia. Maji yakichuruzika kati ya vidole ni mabichi mno, yatatoa juisi na kunuka. Donge likifumuka palepale yamekauka mno, hayatashikana na hewa itabaki ndani. Likifumuka polepole na kiganja kikabaki na unyevu tu, washa injini. Mabingobingo karibu kila mara yana maji mengi: yakate asubuhi, yatandaze juani hadi jioni au kesho yake, ndipo yaingie kwenye mashine. Na kwa kuwa sukari yake ni chache, kila kilo 100 zinyunyizie lita 2 za molasesi, ile asali nyeusi ya kiwanda cha sukari, iliyochanganywa na lita 4 za maji. Huna molasesi, kilo 5 za pumba za mahindi zinafanya kazi, tena zinafyonza na maji. Ukichanganya desmodiamu isizidi robo ya mzigo, jamii ya kunde inagoma kuchacha.

Mahindi kata vipande vya sentimita 1 hadi 2. Kipande kirefu hakishindiliki, na ng'ombe atachagua. Kazi hii ya visu ndiyo yangu, niruhusu niseme kidogo zaidi. Kisu kikali kinaacha ncha ya bua imekatika safi. Ukiona ncha zimepondeka na nyuzi zinaning'inia, mwambie mwenye mashine asimame anoe, na asikwambie kwamba ni bua gumu. Mimi natia tupa kila asubuhi na nikila mchana nakagua tena. Nafasi kati ya kisu kinachozunguka na kile kilichotulia isizidi unene wa kadi ya simu, vinginevyo bua linakunjwa badala ya kukatwa. Bua lililokwama lisukume kwa bua jingine, kamwe si kwa mkono. Kanga isiyofungwa kiunoni vizuri, mkono mrefu wa shati, mtoto anayeokota vipande, vyote vikae mbali. Nimeshaona mkono uliokwenda, na injini haijui kurudi nyuma.

Kujaza ni kazi ya siku moja. Shimo liwe kwenye mteremko mdogo, sehemu isiyotuama maji, lenye mfereji wa kukwepesha mvua upande wa juu. Tandika nailoni chini na pembeni. Mwaga majani unene wa kiganja kilicholala, usizidi sentimita 15, kanyaga, ndipo mwaga mengine. Kanyaga zaidi pembeni na kwenye kona, huko ndiko hewa inakojificha, na watu wanapenda kucheza katikati. Pipa la lita 200 lililojaa maji, watu wawili wakiliviringisha, linafanya kazi kuliko vijana wanne wanaopiga soga. Panda juu ya usawa wa ardhi ukitengeneza mgongo, funika nailoni, rudishia udongo wa sentimita 30. Baada ya wiki itashuka, ufa ukitokea ziba siku hiyohiyo. Fuko na panya ndio wakaguzi wako. Kwa mfuko ni hivyohivyo: tabaka dogo, mtu mmoja ndani bila viatu na bila kucha ndefu, na mdomo ufungwe kwa ukanda wa mpira wa tairi ya ndani mara mbili, uukunje, ufunge tena. Uweke kivulini juu ya mbao. Tundu zibe kwa gundi ya karatasi ile pana, mara unapoliona.

Iache wiki nne hadi sita. Kuna wanaofungua siku ya ishirini na moja, inaliwa, ila haijatulia.

Saileji nzuri ina rangi ya kijani cha zeituni au manjano ya kahawia, na harufu kama togwa iliyolala siku mbili, chachu lakini unataka kuionja. Ikinuka kinyesi au siagi iliyooza, majani yalikuwa mabichi mno au udongo uliingia. Ikiwa nyeusi na harufu ya kuungua, ilipata joto kwa sababu haikukanyagwa. Penye ukungu, kata sehemu hiyo na kiganja kizima cha sehemu inayoizunguka, tupa kwenye mbolea. Usimpe ng'ombe mwenye mimba kwa huruma ya kutopoteza, mimba inaweza kutoka.

Toa kwa kukata wima kutoka juu hadi chini, usichimbe pango. Funika tena mara moja. Anza na kilo 5 kwa siku, panda taratibu kwa muda wa siku kumi, tumbo lake linahitaji kuzoea. Lisha baada ya kukamua, na usiirundike karibu na mahali pa kukamulia, maziwa yanashika harufu na mnunuzi atakurudishia debe. Ndama wa chini ya miezi mitatu asipewe. Na usidhani saileji ya mahindi inatosha peke yake: protini yake ni kama asilimia 8, na ng'ombe anayekamuliwa vizuri anataka 14 hadi 16. Hapo ndipo desmodiamu, kaliandra na mashudu ya alizeti yanapoingia, pamoja na jiwe la madini na maji ya kunywa muda wote. Mashudu ya alizeti huku kwetu hayakosi baada ya mavuno, nunua Julai kabla wenye kuku hawajapandisha bei.

Mwenye kutaka mashine ya mtu, mimi au mwingine, aite wiki mbili kabla ukucha haujazama nusu ya punje. Aprili nzima tunagombaniwa, na ukichelewa wiki mbili mahindi yako yamekuwa mabua. Tukifika tukute nailoni imeshanunuliwa na imekaguliwa matundu, kamba za mpira zimekatwa, molasesi iko kwenye ndoo kama ni mabingobingo, na shimo limechimbwa, si linachimbwa. Watu wawe sita: wawili wa kukata na kubeba kutoka shambani, mmoja wa kulisha mashine, watatu wa kukanyaga. Mahindi yasikatwe yote alfajiri yakalala juani, yakatwe kadiri mashine inavyokula. Na chakula cha mchana kiwe kimeiva saa saba. Wanaokanyaga tangu asubuhi hawakai kwa chai na kiazi, wakiondoka shimo limebaki nusu nami nina miadi Kiwira kesho yake.